Namna ya kushindilia kolamu ya kapilari: mwongozo kwa maabara za Dar es Salaam

Kolamu ya kapilari ni bomba jembamba la silika lililojazwa chembe ndogo, ambamo dutu za mchanganyiko hutenganishwa. Moja iliyotengenezwa kiwandani huuzwa kwa mamia ya dola. Ukiiagiza kutoka Ulaya au Marekani, itaingia Dar es Salaam baada ya wiki kadhaa, kisha kuna forodha. Siku ikizibwa na plasma ya damu ambayo haikuchujwa vizuri, unaanza kuagiza upya, na mwanafunzi wa uzamili anakaa bila data huku ada ikiendelea kudaiwa. Lakini gramu moja tu ya chembe za C18 (silika iliyovishwa minyororo ya kaboni 18) inatosha kolamu mamia, na bomba la silika huuzwa kwa mita. Kazi ya kuzishindilia mwenyewe inajifunzika. Uwe Mlimani, Muhimbili au kwenye maabara ndogo ya binafsi Mikocheni, kama umezoea HPLC ya kawaida (kromatografia ya kimiminika inayotumia presha kubwa) unaweza kuifanya.

Anayeanza hudhani kolamu nzuri inatokana na presha kubwa. Presha ina nafasi yake, ila ubora huamuliwa mapema zaidi: kwenye uji wa chembe unaoukoroga na kwenye mdomo wa bomba ambako chembe zinaingilia. Baada ya hapo huamuliwa na viungo unavyofunga mwishoni. Ndiyo maana sehemu hizo nimeziandika kwa kirefu, nyingine nimezipitia haraka.

Anza na hesabu

Kolamu tutakayotengeneza ina kipenyo cha ndani cha mikromita 75, kipenyo cha nje cha mikromita 360 na urefu wa sentimita 25. Chembe zake ni za C18 za mikromita 3. Sentimita moja ya bomba hilo likiwa tupu inabeba nanolita 44 tu, na bomba zima linabeba mikrolita 1.1. Chembe zitakazoingia humo hazifiki miligramu moja. Kwa mtiririko wa nanolita 300 kwa dakika, dutu isiyoshikwa na C18 itatoka baada ya dakika mbili na nusu hivi.

Kolamu nzuri ya urefu huu hutoa pleti za kinadharia (kipimo cha uwezo wa kolamu kutenganisha dutu) 40,000 au zaidi kidogo. Ukirudi kwenye ujazo wa ndani, maana yake ni kwamba kilele cha dutu isiyoshikwa, yaani umbo linalochorwa dutu ikipita kwenye detekta, kina mtawanyo wa sigma (mkengeuko sanifu) wa nanolita 4 hivi. Nanolita nne! Bomba la kuunganishia lenye tundu la mikromita 50 linabeba karibu nanolita 20 kwa kila sentimita, na lile la mikromita 20 linabeba nanolita 3. Mtu akiweka sentimita kumi za bomba la mikromita 50 kati ya kolamu na detekta, kilele kinapanuka hapo hata kama chembe zilipangwa kwa ustadi wote. Weka hesabu hii ukutani juu ya meza ya kazi.

Vifaa, na gesi hasa

Unahitaji bomba la silika lililopakwa poliimidi, kikatio cha seramiki, hadubini ya kawaida, chembe za C18, sumaku ndogo ya kukorogea pamoja na mashine yake, sonikata (beseni la mawimbi ya sauti), na chombo cha chuma cha presha kinachotosha kichupa cha mililita 1.5 au 2. Kifuniko cha chombo hicho kina tundu lenye nati na feruli (pete ndogo) ya kubana bomba la mikromita 360. Lenzi ya kubandika kwenye simu na tochi ndogo ya mwanga mkali utavipata Kariakoo, na vitakusaidia kuona chembe zinavyopanda ndani ya bomba.

Chombo cha presha ndicho cha kutazamwa kwa makini kuliko vyote. Fundi mzuri wa mashine ya kukereza anaweza kukichonga kwa chuma cha pua kwa kufuata mchoro wa mhandisi, lakini kisiguswe na gesi kabla hakijajaribiwa kwa maji, kwa presha mara moja na nusu ya ile utakayotumia. Chombo kikipasuka kikiwa na maji, utapata maji sakafuni. Kikipasuka kikiwa na gesi ya ba 100 (karibu mara mia ya presha ya hewa), utaumia wewe na aliye karibu nawe. Vaa miwani ya kinga muda wote, hata unapochungulia tu.

Gesi bora ni heliamu, kwa sababu haiyeyuki sana kwenye methanoli. Naitrojeni inayeyuka zaidi, na presha ikishushwa hutoka na kufanya mapovu katikati ya chembe. Heliamu ni ghali, kwa hiyo wengi tutatumia naitrojeni. Kwa chembe za mikromita 3 inafaa, mradi presha ishushwe polepole. Oksijeni usiitumie kamwe, hata kama ndiyo iliyopo na mtungi wa naitrojeni umechelewa. Oksijeni yenye presha ikikutana na methanoli ni mlipuko. Soma lebo ya mtungi na usitegemee rangi yake peke yake.

Kuna jambo hukwamisha watu siku ya kwanza: regyuleta (kipunguza presha) ya kawaida ya mafundi wa kuchomelea hutoa ba kumi na kitu tu, hata kama mtungi una ba 150. Agiza inayotoa ba 100 au zaidi, na mabomba yake yawe ya daraja hilohilo.

Hatua ya kwanza: kata bomba

Kata kipande cha sentimita 35. Sentimita kumi za ziada ni za kupita kwenye kifuniko na za kukata baadaye. Pitisha kikatio mara moja tu juu ya bomba, kwa mkono mwepesi, kisha vuta pande zote mbili kwa mstari ulionyooka. Usilikunje. Tazama ncha kwa hadubini: iwe bapa, bila meno wala ufa. Ncha yenye meno haikai sawasawa kwenye kiungo, na pengo linalobaki pale ni zile nanolita tulizozihesabu. Vipande vidogo vya silika vinachoma na kwenye ngozi havionekani, kwa hiyo vitupwe kwenye chupa yenye mfuniko.

Hatua ya pili: friti

Friti ni kizibo chenye vinyweleo kinachozuia chembe zisitoke huku kikipitisha kimiminika. Kwa maabara zetu, friti ya potasiamu silikati ndiyo rahisi. Changanya mikrolita 300 za myeyusho wa potasiamu silikati na mikrolita 100 za fomamidi, tikisa vizuri, kisha chovya ncha ya bomba kwa muda mfupi mno. Myeyusho utapanda wenyewe milimita kadhaa. Weka bomba kwenye oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa nne, au liache humo usiku kucha. Likipoa, kata ncha ili ibaki friti ya milimita 1 hadi 2.

Friti ndefu haikuongezei usalama wowote. Inaongeza upinzani, na ndiyo inayoziba kwanza. Fomamidi nayo inaweza kudhuru mimba, kwa hiyo vaa glavu, fanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa, na mwenzako mjamzito asipewe hatua hii.

Kabla ya kuendelea, pitisha methanoli kwa gesi ya ba 50 ukiwa umechovya ncha ya kutokea ndani ya tone la methanoli. Kimiminika kisipotoka, friti imejifunga kabisa. Kata, utengeneze nyingine. Ikitoka yote kwa kasi kama vile hakuna kizuizi, friti haikushika ukuta. Andaa mabomba sita au manane kwa mpigo mmoja, maana kadhaa yatakataliwa hapa.

Hatua ya tatu: uji

Hapa usiwe na haraka.

Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kutumia uji mwepesi sana, miligramu chache kwa mililita, kwa hofu kwamba uji mzito utaziba bomba. Kazi za kundi la James Jorgenson, Chuo Kikuu cha North Carolina, zikishirikiana na kundi la Ulrich Tallarek la Marburg, Ujerumani, zilionyesha upande mwingine. Uji ukiwa mwepesi, chembe zinapata nafasi ya kujichagua kwa ukubwa, ndogo zikaelekea huku na kubwa kule, na tabaka la karibu na ukuta likatofautiana na la katikati. Kimiminika kikapita kwa kasi mbili tofauti ndani ya bomba moja, na vilele vikatanuka. Uji ukiwa mzito, chembe hazipati nafasi hiyo. Tatizo jipya ni kwamba uji mzito huacha mashimo ndani ya kolamu, kwa hiyo bomba likatumbukizwa kwenye sonikata wakati wa kushindilia ili mashimo yajifunge. Mwaka 2016 walieleza kolamu za urefu wa mita moja zilizoshindiliwa kwa uji wa miligramu 200 kwa mililita, chembe za mikromita 2 hivi, na ufanisi wa takriban pleti nusu milioni. Zile zilihitaji presha ambazo sisi hatuna, lakini funzo kuhusu uji linatuhusu moja kwa moja.

Basi pima miligramu 50 hadi 100 za chembe ndani ya kichupa, ongeza mililita 1 ya methanoli, weka sumaku, kisha tia kwenye sonikata dakika tano hadi kumi. Barafu kidogo kwenye maji ya sonikata inafaa, kwa sababu maji hayo hupata joto na chumba chetu nacho kina joto lake. Unapopima chembe kavu vaa barakoa, maana vumbi la silika halifai kuvutwa pumuani.

Sasa weka tone dogo juu ya kioo cha hadubini. Ukiona chembe mojamoja zikicheza, uji uko tayari. Ukiona madonge, rudisha kwenye sonikata. Madonge yakibaki palepale, badilisha kiyeyushi: asetoni hutawanya vizuri baadhi ya chembe zilizovishwa C18. Isopropanoli pia hutawanya, ila mnato wake (uzito wa kutiririka) ni zaidi ya mara tatu ya methanoli, hivyo kazi itakwenda taratibu mno. Kipimo hiki cha tone ni cha dakika mbili tu, nami nakihesabu kuwa cha lazima kwa kila chupa mpya ya chembe.

Joto la Dar linaingia hapa. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56 na methanoli kwa nyuzi 65, na alasiri ya Februari kichupa kilichoachwa wazi hupoteza kiyeyushi ukiwa unakitazama. Uji unazidi kuwa mzito bila wewe kujua, na kolamu ya tatu haifanani na ya kwanza. Funika kichupa kila mara, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa kimiminika, ongeza kiyeyushi kikishuka.

Hatua ya nne: shindilia

Weka kichupa ndani ya chombo, na chombo juu ya mashine ya sumaku. Pitisha bomba kwenye kifuniko, ncha isiyo na friti ikitazama chini, mpaka iguse kitako cha kichupa. Kisha liinue milimita moja au mbili. Kaza nati, na ulivute kidogo kuhakikisha limebanwa. Bomba lililolegea hurushwa juu kwa nguvu ya gesi, kwa hiyo uso wako usiwe juu ya kifuniko.

Fungua gesi taratibu hadi ba 20, tazama kama kuna uvujaji, halafu panda hadi ba 80 au 100. Kwa tochi na lenzi utaona weupe ukikua kutoka kwenye friti kurudi nyuma.

Kisha, mara nyingi, weupe unasimama. Friti haijaziba na uji haujaisha. Kinachotokea ni kama abiria wa mwendokasi pale Kimara asubuhi: mlango uko wazi, lakini wote wamesukumana mlangoni kwa wakati mmoja, hakuna anayeingia. Chembe zimejipanga kuwa kuba kwenye mdomo wa bomba, kila moja ikiegemea nyingine, na kimiminika kinapita katikati yao bila kuzichukua. Watafiti wa Odense, Denmark, walilieleza jambo hili vizuri mwaka 2019. Dawa yao ni ya kushangaza kwa urahisi wake: gonga mdomo wa bomba. Acha mdomo uwe ndani ya tabaka zito la chembe zilizotuama chini ya kichupa, na sumaku izunguke polepole ikiugusa mdomo huo kila mzunguko. Kila mguso unabomoa kuba, na fungu jingine la chembe linaingia. Kwa njia hiyo kazi iliyokuwa ikichukua saa nyingi inakwisha ndani ya saa moja, kwa gesi ya ba 100.

Kwa hiyo usizungushe sumaku kwa kasi. Kasi kubwa inainua chembe zote juu na kuufanya uji kuwa mwepesi tena pale mdomoni, kinyume kabisa cha unachotaka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifunge gesi. Mtungi hautegemei TANESCO, na hilo ndilo linalonifanya niipendelee njia ya gesi kwa jiji hili kuliko pampu. Chukua sumaku yenye nguvu, isogeze kwa mkono chini au ubavuni mwa chombo, na chembe zitaendelea kuingia. Chombo kiwe cha chuma cha pua kisichovutwa na sumaku, la sivyo hila hii haitafanya kazi, na mashine ya kukorogea pia haitafanya.

Weupe ukifika sentimita 27, acha presha ikiwa palepale kwa dakika nyingine kumi na tano. Kisha funga valvu ya mtungi na uiache presha ishuke yenyewe kupitia kolamu, hata ikichukua nusu saa. Ukifungua ghafla, chembe zilizobanwa huruka nyuma na mapovu ya naitrojeni huchana tabaka. Huo ni ufa ambao pampu haitauziba baadaye.

Hatua ya tano: kaza kwa pampu

Unganisha kolamu kwenye pampu ya HPLC na pitisha asetonitrili 50% yenye asidi fomiki 0.1%. Anza na nanolita 100 kwa dakika, panda kidogo kidogo hadi presha ivuke ile utakayofanyia kazi kila siku, ukae hapo saa moja. Tabaka litashuka kiasi. Shusha mtiririko polepole, subiri presha ifike sifuri, kisha kata bomba ndani ya sehemu iliyojaa ili ubaki na sentimita 25 kamili, bila nafasi tupu mbele. Tazama ncha kwa hadubini kwa mara nyingine.

Pampu, tofauti na mtungi, inahitaji umeme usiokatika. Iweke kwenye UPS. Presha ikianguka ghafla kutoka juu, kazi ya mchana mzima imeharibika.

Kuhusu presha yenyewe: inapanda kwa kinyume cha mraba wa kipenyo cha chembe. Ukihama kutoka mikromita 3 kwenda 1.9, kila kitu kingine kikibaki vilevile, presha itakuwa karibu mara mbili na nusu. Jua uwezo wa pampu yako kabla hujanunua chembe ndogo.

Hatua ya sita: pima

Kolamu isiyopimwa usimkabidhi mtu. Kama una detekta ya UV ya kapilari, tumia mchanganyiko wa urasili, asetofenoni na naftalini, kwa asetonitrili ya kiwango kimoja kisichobadilika. Gradienti, yaani kubadilisha kiwango hicho wakati wa kupima, hubana vilele na kuficha udhaifu wa kolamu. Hesabu pleti kwa kuchukua muda wa kutoka, kugawanya kwa upana wa kilele kwenye nusu ya kimo, kupiga mraba, kisha kuzidisha kwa 5.54.

Tuseme naftalini imetoka dakika ya 12.0 na upana wa nusu kimo ni dakika 0.14. Utapata pleti karibu 40,700. Gawanya mikromita 250,000 za urefu kwa namba hiyo: mikromita 6.1. Gawanya tena kwa kipenyo cha chembe, 3, upate 2.05. Hiki ndicho kimo cha pleti kilichopunguzwa, na ndicho kinachokuwezesha kulinganisha kolamu za chembe tofauti. Mbili ni kazi nzuri. Chini ya mbili ni nzuri sana. Ikifika tatu na nusu au nne, tafuta sababu kabla ya kuitumia.

Sababu zenyewe zinajitambulisha. Vilele vyote vikiwa na mkia, na kile cha urasili, dutu isiyoshikwa, kikiwa kibaya kuliko vingine, kosa liko kwenye viungo, si kwenye chembe. Fungua, kata ncha upya, funga tena. Kila kilele kikigawanyika mara mbili, kuna nafasi tupu mbele ya kolamu, hivyo punguza milimita tano za mwanzo. Vilele vikiwa vipana lakini vina umbo zuri pande zote mbili, uji ulikuwa na kasoro. Kolamu hiyo haiponi. Tengeneza nyingine kwa uji mpya.

Muda wa kutoka ukihamahama kati ya asubuhi na mchana, usiilaumu kolamu kwanza. Angalia kiyoyozi. Mnato wa maji ni sentipoisi 0.89 kwa nyuzi 25 na 0.80 kwa nyuzi 30, na ushikaji wa C18 nao hufuata joto. Kifaa cha kupashia kolamu hakiwezi kupoza chini ya joto la chumba, kwa hiyo kiweke nyuzi 45 au 50, juu kabisa ya joto lolote ambalo Dar inaweza kukuletea.

Kuhifadhi

Jaza kolamu asetonitrili, choma ncha zote mbili kwenye vipande vya septa (vizibo vya mpira) kuukuu za mashine ya GC ili zisikauke, uikunje kwa duara pana ndani ya kisanduku cha plastiki. Isilale na maji matupu hata usiku mmoja, kwa sababu vijidudu huota haraka kwenye joto letu na friti ndiyo ya kwanza kuziba. Juu ya kisanduku andika tarehe, namba ya chupa ya chembe, uzito wa uji kwa miligramu na mililita, presha, kimo cha pleti na jina la aliyeishindilia.

Uji uliobaki usiumwage. Kolamu moja imechukua chini ya miligramu moja kati ya hamsini au mia ulizopima. Funga kichupa vizuri, kiweke kwenye jokofu la vimiminika vinavyowaka. Siku ya kukitumia tena kiache kwanza kifikie joto la chumba kabla ya kufungua, ili unyevu wa hewa ya pwani usigeuke matone ndani, ongeza methanoli hadi ile alama ya kalamu, rudisha kwenye sonikata, na weka tena tone chini ya hadubini.